Solar kwa biashara ya fremu hapa Dar: piga hesabu kabla hujamwita fundi

Muuza solar akikwambia "chukua huu mfumo bosi, LUKU utaisahau", we mwache amalize alafu muulize kitu kimoja, hii biashara yangu inakula yuniti ngapi kwa siku? Kama hajakuuliza una vifaa gani na vinawaka masaa mangapi basi hajui anakuuzia nini, anajua bei tu. Naandika hii kwa wenye fremu za kawaida, kinyozi, duka la vinywaji, steshenari, fundi cherehani, wale ambao umeme ukikatika saa moja jioni mnatoa benchi nje mnakaa kuangalia wateja wanapita.

Niweke msimamo wangu mapema. Usihamishe biashara nzima kwenda solar. Hamisha vile vitu vinavyokuingizia hela umeme ukikatika, vingine viache TANESCO. Wanaotaka kuwasha kila kitu kwa jua ndo hao baada ya mwaka unakuta betri zimevimba ziko chini ya meza na wanakwambia solar ni utapeli.

Tuanze na bei ya umeme wenyewe maana hapa watu wengi wanajidanganya. Mita za biashara ndogo nyingi ziko T1 (kundi la bei ya matumizi ya kawaida), ukinunua elfu kumi unapata kama yuniti 28, yani kodi zote humo ndani yuniti moja inakutoka shilingi 350 na kitu. Na kama hiyo mita ndo inakatwa kodi ya jengo, ile 1,500 ya kila mwezi itaendelea kukatwa hata ukiezeka paneli nyumba nzima, hiyo solar haiigusi. Sasa paneli za kilowati 1 kwa jua la Dar zinakupa yuniti 4 hivi kwa siku ukichanganya siku nzuri na mbaya, Januari na Februari zinazidi, masika zinashuka sana. Kwa mwezi ni yuniti 120, yani kama elfu 42 umeokoa. Ila uokoe kwa maana ya kuzitumia, paneli ikitoa umeme mchana na we huna cha kuwasha wala betri ya kujaza, hiyo imepita bure.

Kwahiyo kazi ya kwanza ni daftari. Andika kila kifaa kinachochomekwa, wati zake (ziko kwenye kistika nyuma au kwenye chaja), na kinawaka masaa mangapi kwa siku ya kazi ya kweli, sio siku ya sikukuu. Kama una mita yako peke yako ni rahisi, soma yuniti asubuhi ukifungua na usiku ukifunga, fanya hivyo wiki nzima. Ila najua fremu nyingi mnachangia mita moja na mwenye nyumba na mama wa genge na yule jamaa wa friza la samaki, na kila mwisho wa mwezi ni ugomvi nani kala umeme mwingi, hapo itabidi utumie kistika na hesabu ya kichwa.

Chukua kinyozi wa kawaida. Mashine tatu za wati 12 zikinyoa jumla ya masaa matano kila moja, hapo ni 180 (wati mara masaa, zikifika 1,000 ndo yuniti moja). Taa nne za LED za wati 9, masaa matano, 180 nyingine. TV ya inchi 32 wati 50 inawaka toka asubuhi masaa 12, 600. Spika wati 40 masaa kumi, 400. Feni mbili za wati 60 masaa kumi, 1,200. Jumla 2,560, yani yuniti mbili na nusu kwa siku. Umeona mwizi ni nani? Sio mashine za kunyolea, ni feni. Zipo feni za kisasa zinazotumia moja kwa moja umeme wa betri, zinakula wati 28 au 30 na upepo ni uleule, ukibadilisha hizo mbili tu umepunguza 600 au zaidi kwenye hesabu ya siku, na hiyo ni hela ambayo ungeinunulia paneli na betri. Ndo maana nasema daftari kwanza, duka baadae.

Sasa ile jumla zidisha kwa 1.3 kwasababu umeme unapotea njiani, kwenye waya, betri, inveta (kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani), na joto la paneli yenyewe. 2,560 inakuwa kama 3,300. Gawanya kwa 4, ambayo ndo masaa ya jua kali unayoweza kuyategemea Dar bila kujipa moyo sana, unapata wati 830. Paneli mbili za wati 450 zinakutosha na inabaki kidogo. Ukiwa umebadilisha feni, paneli moja kubwa ya 550 inakaribia kutosha peke yake.

Betri unaihesabu kwa kile utakachowasha jua likishalala. Kinyozi huyohuyo kuanzia saa 11 jioni mpaka saa 4 usiku atatumia kama 1,300. Betri ya jeli ya volti 12 ampea 200 ina 2,400 ndani ila hutakiwi kuivuta zaidi ya nusu, kwahiyo unapata 1,200, haifiki. Betri ya lithiamu ya volti 24 (kamili ni 25.6) ampea 100 ina 2,560 na unaweza kuvuta asilimia 80 bila kuiua, inakufikisha usiku na akiba. Lithiamu bei yake inashtua, ukweli huo, lakini jeli kwa joto letu hili haikai, betri za risasi, na jeli ni mojawapo, zikiwa kwenye joto la nyuzi 35 badala ya 25 umri wake unakatika karibu nusu, na fremu ya mabati saa nane mchana mnaijua wenyewe. Mi kama hela inatosha kimoja tu basi ningepunguza paneli nikachukua lithiamu, paneli unaongeza baadae muda wowote ila betri ya jeli na ya lithiamu huzichanganyi.

Haya, hela inarudi lini? Yuniti mbili na nusu kwa siku ni kama elfu 27 kwa mwezi ya LUKU. Tuseme mfumo wote na ufundi umekugharimu milioni 2 (bei zinapanda na kushuka na dola, nenda kaulize za leo). Kwa LUKU peke yake ni miezi 74, zaidi ya miaka sita, hakuna mfanyabiashara atakayekuelewa. Muuzaji hakuoneshi hii hesabu. Lakini ongeza jioni ulizopoteza. Jioni moja ya Ijumaa umeme umekata vichwa vinane vimeondoka, kwa elfu tatu kichwa hiyo ni 24,000, jioni moja imekaribia LUKU ya mwezi mzima. Zikiwa jioni mbili kwa mwezi tayari unaokoa kama elfu 75 na mfumo unajirudisha kwa miaka miwili na miezi michache. Kama ulikuwa unawasha kijenereta cha petroli ongeza na hiyo, kile kidogo kinakula kama nusu lita kwa saa, bei ya lita unaijua maana EWURA wanaitangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, bado oili, bado plagi, bado kelele mpaka mteja anaongea na kinyozi kwa ishara.

Na usipige hesabu hii kwa hasira za mgao wa 2023. Tangu mitambo ya bwawa la Nyerere kule Rufiji ianze kuwashwa mwaka 2024 ule mgao wa ratiba umepungua sana, bwawa lenyewe limejengwa la megawati 2,115. Kinachotusumbua sa hivi mitaani zaidi ni transfoma kuzidiwa, nguzo, matengenezo, mvua ikinyesha. Kwahiyo chukua daftari lako andika mwezi mmoja umeme ulikatika lini, saa ngapi mpaka saa ngapi, na hasara ilikuwa nini. Kuna mtu Mikocheni atagundua hana hasara yoyote ya kumfanya anunue solar, na kuna mtu Chanika au Mbagala atagundua alichelewa. Wote wawili wako sawa.

Duka la vinywaji ni habari nyingine. Friji la kioo la mlango mmoja kwa joto la Dar, na wateja wanafungua kila dakika, linakula yuniti 3 mpaka 4 kwa siku, yani friji moja linazidi saluni nzima ya kinyozi. Kulilisha usiku kucha kwa betri ni gharama kubwa na sikushauri. Fanya hivi, nunua paneli za kutosha mchana na inveta inayochanganya jua na TANESCO, mchana friji litumie jua, usiku lirudi LUKU. Betri weka ndogo ya taa, simu na mashine ya malipo. Alafu chupa za maji zigandishe kwenye friza kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi wakati jua lipo, jioni umeme ukikata unazipanga kati ya soda, kinywaji kinabaki baridi mpaka unafunga. Barafu ndo betri ya bei rahisi kuliko zote. Na kabla ya yote angalia mpira wa mlango, friji lenye mpira uliochoka linakula umeme mchana na usiku bila faida.

Kitu cha kuangalia kwa wenye friji, kompresa ikianza kuwaka inavuta umeme mara kadhaa ya ule ulioandikwa, kwa sekunde tu, lakini hiyo sekunde inatosha kuzima inveta ndogo. Friji la wati 200 usiliwekee inveta ya 500, liwekee ya 1,500 au zaidi, na iwe ile inayotoa wimbi safi (pure sine wave), yani umeme laini kama wa TANESCO. Hizi za bei chee zenye wimbi la kukatakata zinafanya feni zingurume, na kompresa inapata moto mpaka inakufa.

Steshenari nao wana la kwao. Printa ya leza na mashine ya fotokopi zinapasha moto roli ndani, zinaruka mpaka wati elfu moja na zaidi kila zikianza kazi. Printa za wino za matenki zinakula wati 15 au 20 tu. Kwahiyo fotokopi kubwa iache TANESCO, umeme ukikata unabaki na laptopu na printa ya wino, na mwanafunzi mwenye kazi ya kuwasilisha kesho asubuhi hatakuuliza imetoka na mashine gani. Fundi cherehani, mota za zamani zinazunguka na kula umeme muda wote hata kama hushoni, za kisasa zinakula ukikanyaga tu, badilisha mota kwanza.

Visivyotakiwa kabisa kwenye solar ndogo: pasi, draya za saluni ya kike, hita ya maji, birika, jiko la umeme, mashine ya kuchomelea. Chochote kinachotengeneza moto kiogope. Mwenye saluni ya kike awashe taa, feni, mashine ya kuosha kucha na redio kwa jua, draya isubiri TANESCO, na kwa fundi nguo pasi ya mkaa bado ipo na inapiga kazi.

Ukienda Kariakoo kununua nenda na mtu mwenye multimita (kipimo cha umeme) na usiende na haraka. Paneli ina ukweli wake kwenye ukubwa, mita moja ya mraba ya paneli nzuri za sasa inatoa kama wati 200. Paneli ya 550 kweli ni karibu mita 2.3 kwa 1.13 na uzito kilo 27 au 28, sio kitu cha kubeba kwapani. Ukioneshwa kipaneli cha mita moja kimebandikwa "400W" toka hapo dukani. Betri ya jeli ya ampea 200 halisi ni kilo 55 na kuendelea, kijana akiinyanyua kwa mkono mmoja ujue ndani kuna nusu. Dai risiti ya EFD yenye jina la kifaa na namba zake, sio kikaratasi cha "bidhaa ikiuzwa hairudishwi", maana bila risiti hiyo warantii ni maneno tu. Chaja kontrola, kile kifaa kinachosimamia umeme wa paneli ukiingia kwenye betri, chukua aina ya MPPT, hasa kwa hizi paneli za volti kubwa, aina ya zamani ya PWM itakupotezea sehemu kubwa ya ulichonunua. Ukichukua inveta yenye kontrola ndani hayo yanakuja pamoja, ila hakikisha ina mpangilio (setting) wa lithiamu kama betri yako ni lithiamu.

Na inveta kubwa sio sifa. Ya kilowati 3 inaweza kula wati 40 ikiwa imewaka tu bila kazi yoyote, kwa masaa 24 hiyo ni karibu yuniti 1, kwa kinyozi wetu wa yuniti mbili na nusu hicho ni kichekesho. Kama huna friji, ukifunga ofisi zima na inveta.

Kabla ya fundi kupanda juu ongea na mwenye nyumba. Paa ni lake, na kodi umelipa miezi sita tu. Andikishaneni karatasi, paneli na fremu zake za chuma ni mali yako, utaondoka navyo, matundu utaziba, na ikivuja kwenye misumari yako utarekebisha we. Wengine wanadhani mdomo unatosha mpaka siku dalali kaleta mpangaji mwenye kilemba kikubwa zaidi. Mjumbe akisaini na yeye si vibaya.

Paneli ziangalie kaskazini, zilale kidogo tu nyuzi 10 mpaka 15, Dar tuko karibu na ikweta hakuna haja ya kuzisimamisha, huo mwinamo kazi yake nyingine ni mvua ioshe vumbi. Kama paa lako linaangalia mashariki au magharibi bado inafaa, unapoteza kidogo. Kivuli ndo adui, kivuli cha tawi la mwembe au bango kikikaa kwenye kona ya paneli moja kinaweza kuangusha umeme wa paneli zote zilizoungwa pamoja, kwahiyo panda juu saa tatu asubuhi, saa sita na saa tisa uangalie kabla hujatoboa bati. Wa Kariakoo waliozungukwa na maghorofa jamani mjipime, wengine jua mnaliona masaa matatu tu. Kigamboni, Msasani, Kunduchi na kote karibu na bahari tumia bolti za chuma kisichoshika kutu na reli za aluminiamu, chumvi ya hewani inakula bolti za kawaida upesi sana. Wezi nao wapo, bolti za kukata vichwa au fremu iliyochomelewa kwenye kenchi inasaidia, na paneli zisionekane kirahisi toka barabarani.

Fundi awe na leseni ya EWURA ya kufunga umeme, muombe akuoneshe. Mambo manne msimamie bila aibu. Fyuzi iwe karibu kabisa na betri. Breka za upande wa paneli ziwe za umeme wa DC (ule wa paneli na betri), sio hizi za ukutani za kawaida, maana cheche za DC hazizimiki kirahisi na moto unaanzia hapo. Waya wa betri uwe mnene na mfupi. Na lazima kuwe na swichi ya chenji ova, au inveta yenye kazi hiyo ndani, ili umeme wako usirudi kwenye laini, fundi wa TANESCO aliye juu ya nguzo anajua laini imezimwa kumbe we unamtumia umeme toka kwenye fremu. Betri ikae sehemu yenye hewa, sio chini ya bati na sio karibu na mafuta ya nywele na spiriti.

Hela kama haipo yote anza na kipande. Zile za kulipia kidogokidogo kwa simu kama Sun King na d.light zinafaa taa, redio, feni na TV, ukichelewesha malipo inajifunga yenyewe na ukijumlisha unalipa zaidi ya kesh, lakini kwa mwenye genge au mama lishe anayefunga saa tatu usiku zinatosha na hana haja ya kwenda mbali. Ukitaka mkubwa zaidi, mkopo wa VICOBA au SACCOS ni bora kuliko wa simu wa riba ya wiki. Mpangilio wangu ungekuwa mwezi huu taa na feni za kisasa, baadae inveta na betri ukiwa unaijaza kwa TANESCO, yani hata bila paneli tayari umeme ukikata unafanya kazi, mwishoni ndo paneli. Na siku umeme umekata mtaa mzima na we unawaka, weka ubao nje, kuchaji simu mia tano, wanaochaji wengi watanyoa au watanunua soda wakisubiri.

Ukishafungiwa weka inveta itumie jua kwanza, betri pili, TANESCO mwisho, ila ikifika masika badilisha iruhusu betri kujazwa na TANESCO, Aprili kuna siku tatu mfululizo za wingu zito na betri ya jeli ikilala haina chaji inaharibika. Paneli zifute kwa kitambaa na maji asubuhi mapema au jioni, kila wiki mbili wakati wa vumbi, kama uko kando ya barabara ya vumbi hata kila wiki, usimwage maji ya baridi juu ya kioo cha moto saa saba mchana na usikanyage juu yake.

Malipo ya fundi bakiza sehemu, sio utani. Subiri Jumamosi yenye wateja, saa 11 jioni zima meni swichi ya TANESCO mwenyewe, washa kila kitu ulichoandika kwenye daftari na ufanye kazi kama kawaida mpaka saa 4 usiku. Gusa waya wa betri kwa nje na uangalie breka kama zina joto, soma asilimia za betri ukifunga. Ikizima kabla ya hapo au waya una moto, aje arekebishe, na jaribio linarudiwa Jumamosi inayofuata kabla hajamaliziwa chake.